Usiulize "Unakunywa?", Uliza Chupa

Siku ya kwanza kuwahoji wanachuo kuhusu pombe niliuliza swali la kijinga: "Unakunywa?" Karibu wote wakajibu, "Situmii." Jioni nikawakuta baadhi yao baa ya nyuma ya hosteli, meza imejaa chupa. Wakanivutia kiti.

Tangu hapo naanza na vyombo. Beba chupa tupu: bia ya nusu lita, bapa la pombe kali, glasi ya mvinyo, hata kikombe cha plastiki, maana wapo wanaochanganya kali na soda. Mwanafunzi anaonyesha kwa kidole, wewe unaandika ujazo. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawa kwa 100, zidisha kwa 0.789, hizo ni gramu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu kama 20. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja, kwa hiyo "moja tu" ni viwili. Bapa la mililita 200 lenye asilimia 35 linafika gramu 55, na mwenyewe bado atakuambia "kimoja".

Ndipo utoe dodoso. Mimi natumia AUDIT, kipimo cha unywaji wa pombe cha shirika hilohilo: maswali 10, alama 0 hadi 40, na kuanzia 8 unywaji una hatari. Muda ukibana, matatu ya mwanzo yanatosha. La tatu ndilo lenye mtego: mara ngapi umekunywa vinywaji sita au zaidi katika kikao kimoja? Usipofafanua, aliyezoea kumaliza bia tatu za nusu lita atajibu "sijawahi", kumbe ndiye unayemtafuta.

Halafu usiulize "wiki ya kawaida". Chuoni haipo. Ipo wiki boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) limeingia na ipo wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Mpe kalenda ya siku 30, atie alama siku ya boom, bethidei, mechi ya Simba na Yanga. Kumbukumbu za chupa zitafuata zenyewe.

Kibali cha chuo ni lazima, hilo unalijua. Jina na namba ya usajili, marufuku. Karatasi zitumbukizwe kwenye boksi lililofungwa. Mwaka mmoja nilimpa CR, kiongozi wa darasa, azikusanye, zikarudi zote sifuri, darasa zima limeokoka. Sifuri za kweli zipo pia, usizitupe. Ukiziondoa, wastani wako utaonyesha chuo kizima kinalewa.