Kabla hujasaini mkataba kwa kompyuta, kagua haya

Soma kwanza. Kurasa zote, pamoja na viambatisho. Hilo unalijua, tusonge mbele.

Ujue unaombwa saini ya aina gani, maana watu huita vitu viwili kwa jina moja. Saini ya kielektroniki ni jina pana: kuandika jina lako chini ya barua pepe, kubofya "Nakubali", kuchora kwa kidole kwenye kioo cha simu, hata kubandika picha ya saini yako ya mkono, yote yamo. Saini ya kidijitali ni kitu mahususi. Programu hupiga hesabu juu ya faili nzima, ikapata mfululizo mfupi wa herufi na tarakimu ambao ni kama alama ya kidole ya faili hiyo, kisha ikautia saini kwa ufunguo wako wa siri, yaani namba ndefu uliyo nayo wewe tu. Mwenye ufunguo wako wa umma, ambao umo ndani ya cheti chako, yaani faili inayosema ufunguo huo ni wa nani, anaweza kuhakiki. Nukta moja ikibadilishwa, hesabu hazilingani tena.

Uliza pia kama hati yako inakubalika kusainiwa hivyo. Umoja wa Ulaya una kanuni ya eIDAS ya mwaka 2014 yenye ngazi tatu za saini, na ni ile ya juu kabisa tu inayohesabiwa moja kwa moja kuwa sawa na saini ya mkono. Marekani, sheria ya ESIGN ya mwaka 2000 imezipa nguvu saini za kielektroniki, lakini wosia, talaka na kuasili mtoto imeviacha nje. Kila nchi ina yake. Uliza kabla, si baada.

Jaza kila nafasi iliyo wazi kabla ya kusaini: tarehe, majina, kiasi cha fedha. Pasipojazwa patajazwa na mtu mwingine, au utapajaza wewe baadaye na saini itaharibika.

Ufunguo wako wa siri na PIN yake usimwachie mtu, hata msaidizi unayemwamini kuliko ndugu. Kitakachosainiwa kwa ufunguo huo kitahesabiwa umekisaini wewe, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo itakuangukia.

Sasa nifike kwenye lililoniuma. Faili iliyosainiwa itunze kama ilivyo. Usiiguse.

Nilikuwa na mkataba wa kazi ya uhariri, kurasa 14, umesainiwa na pande zote mbili kwa saini za kidijitali. Ukiufungua, juu ya ukurasa ulitokea utepe unaosema saini zote ni halali. Nikataka kumtumia mwenzangu niliyeshirikiana naye, barua pepe ikakataa kwa kuwa faili ni nzito. Nikaipitisha kwenye huduma ya mtandaoni ya kupunguza uzito wa PDF. Ikarudi nyepesi, kurasa zile zile 14, na mwisho kabisa saini mbili zinaonekana vizuri: jina langu, jina la mkurugenzi wa walionipa kazi, tarehe na saa. Nikaihifadhi kwa jina lile lile, juu ya ile ya kwanza. Kazi ya dakika mbili.

Miezi minane baadaye tukagombana na walionipa kazi juu ya malipo. Mimi nasema kifungu cha 6 kinataka nilipwe ndani ya siku 30 tangu kukabidhi kazi. Wao wakaleta nakala inayosema siku 90, tena baada ya kazi kuidhinishwa. Sikuwa na wasiwasi, mkataba ninao. Nikaupeleka kwa mwanasheria. Akaufungua mbele yangu, akatafuta kidirisha cha saini pembeni mwa ukurasa, hakuna. Akabofya juu ya jina langu, mahali ambapo maelezo ya cheti hufunguka. Kimya. Akabofya tena. Akanigeukia: "Dada, hii ni picha ya saini. Saini yenyewe iko wapi?"

Saini ya kidijitali ni data iliyomo ndani ya faili. Ule mchoro unaouona ni pambo tu. Ile huduma ilikuwa imeiandika faili upya ili iwe nyepesi, mchoro ikauacha, saini ikaitupa. Nikakimbilia kwenye mfumo tuliosainia. Akaunti ilikuwa ya upande wa pili, na kiungo changu cha kupakulia kilishaisha muda. Barua pepe ya siku ile ilikuwa na kiungo tu, haina kiambatisho. Faili halisi walikuwa nayo wao, na hawakuwa na sababu ya kuitoa. Nakala yangu na nakala yao zikawa neno langu dhidi ya neno lao. Nikakubali siku 90, na sehemu ya fedha nikaiacha, kwa kuwa kuendelea kungenigharimu kuliko deni lenyewe.

Kwa hiyo nisikilize. Kupunguza uzito, kuunganisha PDF mbili, kuihifadhi upya kwa njia ya kuchapisha, kuiprinti kisha kuiskani, kupiga picha ya skrini: haya yote yanakuachia mchoro bila saini. Pakua faili siku ile ile hati inapokamilika. Iweke sehemu mbili tofauti. Ukitaka nakala nyepesi, itengeneze pembeni kwa jina jingine kabisa. Faili ikigoma kwenda kwa barua pepe, tuma kiungo cha kuipakua, lakini yenyewe usiibadilishe.

Na ukipokea hati iliyosainiwa, kuiona hakutoshi. Ifungue kwenye kompyuta, kwa programu inayoweza kuhakiki saini. Vivinjari vingi na programu nyingi za simu huonyesha mchoro na kuishia hapo. Jibu litakuwa moja kati ya matatu: halali, si halali, au haijulikani. "Haijulikani" mara nyingi maana yake ni kwamba kompyuta yako haimtambui aliyetoa cheti. Usibofye "amini" ili alama ya onyo iondoke. Tafuta kwanza ni nani aliyekitoa. Hata "halali" isome hadi mwisho. Mtu yeyote anaweza kujitengenezea cheti chenye jina la mtu mwingine kwa dakika chache, na hesabu zikalingana bila kasoro. Kinachotofautisha ni mamlaka iliyokitoa, na kama imekagua kweli utambulisho wa mwenye jina. Angalia pia kama hati imeongezewa kitu baada ya saini. PDF inaruhusu nyongeza, na programu nzuri itakuonyesha toleo lile hasa lililosainiwa.

Muda nao. Cheti huisha baada ya miaka michache, mkataba wako unaweza kuishi kumi. Saa iliyoandikwa kwenye saini huenda imetoka kwenye kompyuta ya aliyesaini, na saa ya kompyuta hurudishwa nyuma kirahisi. Dai muhuri wa muda kutoka kwa mtoa huduma huru, unaothibitisha kwamba saini ilikuwepo kabla cheti hakijaisha au kufutwa. Kufutwa hutokea: mwaka 2011 kampuni ya DigiNotar ya Uholanzi, iliyokuwa ikitoa vyeti, ilivamiwa na wadukuzi, vyeti vya uongo vikatolewa kwa jina lake, ikaondolewa kwenye orodha za kuaminiwa na kufilisika mwaka huo huo.

Programu yako ya kusomea PDF isasishe. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum, Ujerumani, walijaribu programu 22 za kompyuta, na 21 zilidanganyika kwa angalau njia moja: hati imebadilishwa, programu inasema saini ni safi. Kasoro hizo watengenezaji walijulishwa, lakini toleo la zamani ulilonalo halitajirekebisha lenyewe.

Mengine ni tahadhari za kila siku. Barua pepe inayokuita usaini hati usiyoitarajia, usibofye kiungo chake. Mpigie mhusika kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Nywila ya akaunti ya kusainia isifanane na nyingine yoyote. Kompyuta ya kuazima isitumike. Na hati ikikujia usiku wa siku ya mwisho, aliyeituma hapokei simu, iache hadi apokee.