Stelingi ya Massey 135 imekaza? Usikimbilie boksi

Wakuu, mvua zinakaribia na huku Urambo matrekta ya zamani ndo yanatolewa chini ya miembe, na kila mwaka kilio ni kilekile, stelingi imekaza mpaka dereva akimaliza ekari mbili mabega hayana kazi tena. Naongelea hasa Massey Ferguson 135 ya stelingi ya mkono, hii iliyoanza kutoka 1964 na mpaka leo bado iko Kaliua, Sikonge, Nzega huko kwenye majaruba, ila hata kama unayo Ford ya enzi zile namna ya kutafuta tatizo ni hiyohiyo. Fundi ukimwita anakimbilia boksi la stelingi, lile lenye gia za usukani ndani. Anafungua, anakaza, anashindilia grisi, anachukua hela yake na usukani uko vilevile. Boksi linasingiziwa sana.

Anza na upepo maana ni bure. Tairi za mbele zile 6.00-16 zikilala hata kidogo usukani unakuwa mzito, jaza kama psi 28 hivi, jaribu, kama bado nzito twende kazi.

Weka mawe mbele na nyuma ya matairi makubwa, piga jeki katikati ya ekseli ya mbele mpaka tairi zote mbili ziache ardhi. Hapa angalia, ile ekseli inabembea kwenye pini ya katikati kwa hiyo trekta linaweza kulala upande mmoja ukiwa chini yake, gonga kabari za mti mgumu kati ya ekseli na pua ya trekta, kushoto na kulia, halafu weka magogo chini. Tofali za kuchoma hapana, zinapasuka bila taarifa.

Sasa zungusha usukani. Ukiwa mwepesi hewani tatizo ni upepo, au mzigo wa mbele, au kingipini (ile pini ya wima ambayo tairi la mbele linageukia) inayobana ikipata uzito tu. Ukiwa bado mzito, chomoa vile vyuma virefu viwili vinavyotoka kwenye boksi, kimoja kila upande, upande wa tairi. Toa kotapini (ile pini ya kupinda inayozuia nati isilegee), legeza nati lakini usiitoe yote, iache ikinge nyuzi, kisha gonga jicho la mkono kwa pembeni huku umeegemeza nyundo nyingine upande wa pili, tairodi endi, yaani kile kiungo cha mwisho wa chuma, itaruka yenyewe. Ukigonga nyuzi kutoka chini umeshanunua tairodi endi mpya. Ikishatoka ishike uizungushe, nayo ikikaza au ikikwaruza ni ya kubadilisha.

Vikiwa vimetoka, zungusha usukani peke yake, halafu sukuma kila tairi kwa mkono kulia na kushoto. Hapo trekta lenyewe linakwambia linaumwa wapi. Mara nyingi utakuta usukani mwepesi kabisa, ila tairi moja haitaki kugeuka mpaka uweke mguu. Hiyo ni kingipini.

Na kingipini zinakufa kwa sababu ya namna tunavyopiga grisi. Trekta limesimama chini, uzito wote umekandamiza beringi ya chini ya kingipini, unapiga pampu, grisi inatokea juu, unafuta unaenda zako umeridhika. Chini haikufika kitu. Vumbi la Tabora mnalijua, likichanganyika na grisi ya mwaka juzi linakuwa gumu kama ugali wa jana. Kwa hiyo piga grisi tairi zikiwa hewani, huku mtu anageuza tairi taratibu kulia kushoto, mpaka uone grisi chafu inatoka chini halafu inafuata safi. Nipeli (kile kichwa cha kuingizia grisi) isipopitisha ifungue, ioshe kwa dizeli, chokonoa tundu kwa waya. Wengine hapa ndo wanapona, hawahitaji kufungua chochote.

Isipokubali, itoe kingipini yenyewe. Vua tairi na habu, piga alama kwa tindo pale mkono wa juu unapokutana na kingipini (usipoweka alama utarudisha mkono umepishana na tairi zitaangaliana vibaya), legeza bolti, toa mkono, kingipini ishuke chini. Ni nzito, weka kitu cha kuipokea, sio mguu wako. Ikigoma loweka dizeli ilale nayo mpaka kesho, ugonge kwa kipande cha mti au brasi. Osha, angalia kama imelika upande mmoja. Bushi zikiwa zimeisha na dukani mjini hukupata, fundi wa lezi, ile mashine ya kuchonga chuma, anakuchongea za brasi vizuri tu, ila msimamie atoboe tundu la grisi na ukizigonga ndani hilo tundu liangaliane na la nipeli. Nimeona bushi mpya kabisa zimefungwa tundu limeangalia ukutani, unapiga pampu mpaka mkono unaisha nguvu, grisi haiendi popote. Beringi ya chini kama ina kutu usiirudishe.

Kama usukani peke yake ndo mzito, haya, sasa boksi. Kwanza oili. Linataka oili ya gia namba 90, sio grisi ya kawaida, maana grisi ikishasukumwa pembeni hairudi na gia zinabaki kavu. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, na kawaida yanapita juu chini ya usukani trekta likilala nje, na bushi ya pale juu nayo inashika kutu, kwa hiyo vua usukani kwa pula (kifaa cha kuchomolea) uiangalie kabla hujalaumu gia. Sili zikivuja na huna za kubadilisha kwa sasa, ile grisi laini inayotiririka namba 00 itakusogeza. Usukani ukiwa mwepesi katikati ukikata kona unabana, kuna mtu alikaza ili usicheze. Gia hulika zaidi katikati, ukikaza hadi katikati pasicheze basi pembeni lazima pabane, rudisha kidogo na uvumilie kucheza kiasi. Ikikwaruza au kushika ghafla ndo ufungue, golori au beringi za ndani zimekwisha.

Wakati wa kurudisha, nyoosha tairi, pima kati ya tairi na tairi kwa mbele na kwa nyuma usawa wa habu, mbele pawe pamebana milimita chache tu. Kotapini weka mpya, za zamani zikipindwa tena zinakatika njiani.