Potifolio za wanafunzi: kuzipanga na kuzisahihisha

Juzi mwalimu mwenzangu wa Gredi ya 5 hapa Kisumu aliniomba tupange pamoja potifolio za darasa lake, yaani mkusanyo wa kazi za kila mwanafunzi. Tulifuata hatua hizi.

1. Kila mwanafunzi awe na faili yake, na faili zote zikae shuleni kwenye sanduku lenye kifuniko. Sishauri kutegemea picha za simu peke yake. Simu ikipotea, ushahidi wa muhula mzima umekwenda nayo.

2. Kazi iandikwe tarehe siku ileile.

3. Mwanafunzi achague mwenyewe: kazi anayojivunia, iliyomtatiza, na moja yenye nakala ya kwanza na ya mwisho. Aeleze kwa sentensi mbili kwa nini amezichagua.

4. Kusahihisha. Hapa twende polepole. Vigezo viandikwe kabla hujafungua faili ya kwanza, na watoto wavijue mapema. Kwa insha napima mpangilio wa mawazo, lugha, na alichorekebisha kati ya nakala hizo mbili. Viwango ni vinne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio.

Usipime urembo. Mtoto aliyenunuliwa manila na kalamu za rangi atakuvutia macho kabla hujasoma neno. Katika faili moja tulikuta mchoro wa chujio la maji: chupa iliyokatwa, changarawe juu, kisha mchanga, kisha makaa. Mistari ilinyooka kama ya fundi. Usianze kumshuku mzazi. Mwite mtoto umuulize, "Mbona changarawe iko juu?" Anayeelewa atakwambia inazuia takataka kubwa zisizibe mchanga. Akinyamaza, mpe chupa aliunde darasani, kisha upime hilo.

Mazungumzo haya hayakamiliki siku moja kwenye darasa kubwa. Ita watoto wachache kila siku wengine wakisoma. Kazi ya kikundi ukiipokea, kila mmoja aandike sehemu aliyofanya yeye. Halafu mwombe mwalimu mwingine asahihishe faili chache bila kuona viwango vyako. Mkitofautiana sana, kigezo hakieleweki, kiandikeni upya. Tathmini za KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, zina miongozo yake, kwa hiyo usizichanganye na hizi.

5. Andika maoni mafupi: alichoweza, na cha kufanya baadaye. "Vizuri" peke yake haimsaidii.

6. Siku ya wazazi, mtoto ndiye afungue faili na kumweleza mzazi wake. Mwalimu asikilize.