Ukitaka kuandika riwaya ya binti mfalme, anza na mlango wake

Nina kiduka cha kuchapa na kutoa kopi hapa Fort Portal, mji wa Tooro, magharibi mwa Uganda. Siku za kawaida ni barua za kuomba kazi, ripoti za wanafunzi na kadi za harusi. Shule zikifungwa, wanakuja vijana na daftari za kurasa 96 zilizojaa mwandiko, wanainama kwenye kaunta na kuninong'oneza: "Hajji, ni riwaya." Nachapa kwa shilingi 1,000 ukurasa, na kwa bei hiyo mtu husoma hata asipotaka. Binti za wafalme nimekwisha kuchapa wengi. Karibu wote wana nywele za kufika kiunoni, wanapanda farasi (farasi, huku kwetu!), na ukurasa wa pili tayari wanamfokea baba kwamba hawaolewi ng'o.

Ukaidi sina neno nao, mke wangu ni Mtooro na nimeuzoea. Shida ni kwamba msichana anafoka kwenye uwanja mtupu. Sijaonyeshwa nyumba anayoishi, sijui nani analala mlangoni pake, sijui akivunja mwiko atafanywa nini. Basi nikipewa nafasi ya kushauri kabla ya kuchapa, nasema hivi: usianze na binti. Anza na mlango.

Mfano uko hapa hapa, nje kidogo ya mji, kwenye mapango ya Amabere ga Nyina Mwiru, yaani matiti ya Nyinamwiru, ambako maji meupe kama maziwa yanadondoka kutoka kwenye mawe yanayoning'inia. Watalii hupiga picha na kuondoka. Wewe mwandishi kaa kidogo uisikilize hadithi yenyewe. Bukuku hakuzaliwa kwenye ufalme, alikuwa bawabu wa mfalme Isaza, na kiti alikipata Isaza alipopotelea kuzimu. Waaguzi wakamwambia mtoto atakayezaliwa na binti yake atamletea balaa. Bawabu wa zamani akafanya kazi aliyoijua: akamfungia binti huyo, Nyinamwiru, njia ya kumfikia ikawa moja tu, kupitia nyumba ya mtumishi wake. Wengine husimulia kwamba alimkata matiti, wengine kwamba alimtoa jicho moja. Hata hivyo Isimbwa, mwana wa Isaza aliyezaliwa kuzimu, alimfikia, na akazaliwa Ndahura. Bukuku akaamuru mtoto atupwe mtoni. Mfinyanzi Rubumbi akamwokota na kumlea.

Sasa angalia ukaidi wa Nyinamwiru. Hakuna anayesimulia kwamba alifoka. Alichofanya ni kuhakikisha kwa siri kwamba mfinyanzi ana ng'ombe wa kumnyonyesha mtoto, kisha akanyamaza miaka yote ile, akila na kulala kwenye nyumba ya mtu aliyetaka kumuua mwanawe. Mwisho wake ni Ndahura kumuua Bukuku na kukalia kiti. Ukiweza kuandika sura moja tu ya ukimya ule, mimi nitakuchapia bure.

Kwa hiyo, kabla ya sentensi ya kwanza, chukua karatasi uchore nyumba. Weka lango, weka anakolala mtumishi, weka maji yanakotoka. Halafu ujiulize nani anaruhusiwa kumwita jina, na jina lipi. Hili la mwisho vijana hulipita mbio, na ndilo lenye utamu. Tooro na Bunyoro kila mtu ana empaako, jina la heshima na mapenzi: Abwooli, Adyeri, Akiiki, Amooti na nyinginezo chache, huku Okaali ikiwa ya mfalme. Mimi mtu wa Bombo, mji wa Wanubi, nimezaliwa kwenye Kinubi na Kiswahili, lakini mama mkwe alinipa Araali wiki ya kwanza na hajawahi kuniita vingine. Siku akiniita kwa jina langu la Bombo nitajua nimeharibu. Fikiria basi mtumishi anayemwita binti wa mfalme kwa empaako kila asubuhi, halafu siku moja asimwite. Huna haja ya kuandika kwamba wamekosana. Buganda nako kuna lao: binti wa mfalme huitwa ssebo, neno la kumwitia mwanamume. Mazungumzo ya namna hiyo yanamweka msomaji ndani ya jumba kabla hujamweleza rangi ya ukuta.

Nichukue aya niliyoichapa mwaka juzi, mwenyewe aliniruhusu. Ilikuwa hivi: "Siolewi! alifoka Nyakato, macho yakiwaka moto. Mimi ni huru!" Tukakaa kwenye benchi, umeme umeenda, tukaifanya hivi:

"Mtumishi alileta kibuyu cha maziwa, kama kila siku tangu mlango uzibwe. Nyakato hakukipokea. Alikiacha mikononi mwake mpaka mikono ikaanza kutetemeka. 'Mwambie baba,' alisema, 'leo nitakunywa maji.' Mtumishi akapiga magoti."

Katika nyumba inayohesabu heshima kwa ng'ombe, kukataa maziwa ya baba ni kumkataa baba. Na mtumishi anaogopa kwa sababu ni yeye atakayeupeleka ujumbe. Tena yule kijana hakuwa amefikiria kwamba Nyakato ni jina la pacha wa pili. Nikamuuliza, "Nyangoma yuko wapi?" Alinitazama, akachukua daftari lake, akarudi baada ya wiki mbili na riwaya nyingine kabisa.

Chakula. Hapa nijiseme mwenyewe. Nilipoandika yangu, ya enzi za Bachwezi, wafalme wa kale wa ukoo wa Ndahura, nilimsomea mama mkwe sura ya kwanza, mke wangu akitafsiri. Binti alikuwa anakula posho (ugali wa mahindi) na maharage. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Araali, huyo binti anasoma shule ya bweni?" Ni kweli. Mahindi, mihogo, viazi vitamu, karanga, nyanya, tumbaku na hata haya maharage yetu ni mazao ya Amerika, na yalivuka bahari baada ya 1492. Mahandaki ya Bigo bya Mugenyi kando ya mto Katonga, ambayo husimuliwa kuwa ya Bachwezi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10, yalikwisha kuanza kuchimbwa kabla ya hapo. Mpe binti yako ulezi, mtama, kunde, simsim, maziwa, nyama. Mvalishe ngozi au nguo ya gome la mti wa mutuba, na ukitaka sauti ya asubuhi kijijini, ni nyundo za mbao zikiponda gome hilo. Na kama anahitaji pa kukimbilia, mpeleke Kibiro, kwenye Ziwa Albert, ambako wanawake hukwangua udongo wenye chumvi, huuchuja kwa maji na kuyachemsha. Vishamba vya chumvi mama humrithisha binti. Hebu fikiria binti wa mfalme, ambaye hana hata mlango wake, amesimama mbele ya mwanamke mwenye mikono iliyochubuka na shamba lake mwenyewe.

Uchawi nao usiutupe kama pilipili. Katika hadithi hiyo hiyo, Nyamiyonga mfalme wa kuzimu alimwomba Isaza wachanje udugu wa damu kwa buni, yaani punje ya kahawa. Isaza akaogopa, akamtuma bawabu wake Bukuku afanye badala yake. Deni lote linatoka hapo. Nyamiyonga alipogundua, alimtuma binti yake Nyamata, mrembo, akamnase Isaza, na Nyamata akakuta mfalme anapenda ng'ombe kuliko yeye. Basi wakatumwa ng'ombe wazuri, Isaza akawafuata hadi kuzimu. Buni moja tu, na mwiko mmoja: kiapo hakitumiwi mwakilishi. Hakuna haja ya fimbo zinazotoa radi. (Na Nyamata bado anangoja mwandishi wake. Anatumwa na baba kama chambo, anarudi na mimba, na hakuna anayemuuliza neno.)

Wengine hutaka ustaarabu wa mbali, Misri au Kushi. Sawa, lakini si mbali hivyo. Mto Mpanga unaopita hapa mjini unaingia Ziwa George, kisha Ziwa Edward, mto Semliki, Ziwa Albert, na ndio huo Nile unaopita Meroe, mji wa Kushi, Sudan ya leo. Huko, kuanzia mwaka 25 KK hivi, Wakushi walipigana na Warumi, na malkia wao, Kandake, Strabo Mgiriki alimwandika kuwa ana jicho moja. Kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto, kaizari wa Rumi, kilipatikana Meroe mwaka 1910, kimefukiwa chini ya kizingiti cha hekalu, kila aingiaye akikanyage. Sasa kiko makumbusho ya London. Fanya kama kwa Nyinamwiru: tafuta mlango, na safari hii kuna kitu chini yake. Andika kuhusu msichana aliyeambiwa akizike usiku, siyo kuhusu vita nzima.

Urefu usikusumbue. Daftari mbili zinatosha kwa mara ya kwanza, na ukifika mahali umekwama, msomee bibi yeyote mwenye kucheka kwa sauti.

Ila ukileta kwangu, andika upande mmoja wa karatasi na uweke namba za kurasa. Umeme ukienda nasoma mwandiko kwa tochi ya simu, na wino wa upande wa pili hupenya. Disemba iliyopita, kwa ajili hiyo, nilimwozesha binti wa mfalme kwa fahali wa baba yake, na mwenye daftari alikuwa amekwisha kulipia kopi tano.