Wajina wako ughaibuni: jina lako likifanana na la mtu anayetafutwa, anayedaiwa au aliyefungwa

Juma na John, kwa kanuni fulani ya kompyuta, ni jina moja. Kanuni hiyo inaitwa Soundex. Robert Russell aliisajili Marekani mwaka 1918 ili kuyaweka pamoja majina yanayotamkwa karibu sawa hata kama yameandikwa tofauti. Inabakiza herufi ya kwanza, inatupa irabu, halafu inageuza konsonanti zilizobaki kuwa tarakimu. Juma anakuwa J500, na John naye J500. Hamisi ni H520, Hamza ni H520, na Hans wa Ujerumani pia H520. Mohamed, Muhammad na Mahmoud wote wanaishia M530. Kichekesho ni kwamba Hamisi na Khamis, ambalo mtu yeyote wa pwani anajua ni jina lilelile, kwa Soundex hawajuani kabisa, kwa kuwa mmoja ameanza na H na mwenzake na K.

Kanuni hii ina zaidi ya karne moja lakini bado iko kazini. OFAC, ofisi ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayosimamia vikwazo, inaitumia pamoja na kanuni nyingine iitwayo Jaro-Winkler kwenye ukurasa wake wa kutafutia majina. Benki na kampuni za kutuma pesa nazo zina programu za aina hiyo. Ndiyo maana ada ya shule uliyomtumia Mohamed Ali wa Tanga inaweza kukwama siku kadhaa bila wewe wala yeye kuwa na kosa lolote. Mashine imeona jina linakaribiana na la mtu aliye kwenye orodha ya waliowekewa vikwazo, ikasimamisha muamala, na sasa inamsubiri binadamu aje alinganishe tarehe ya kuzaliwa, uraia na anwani.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pesa ikikwama, mtu anafuta, anaandika upya "Muhamed Aly", anatuma tena. Kwa mkaguzi, huyo ni mtu anayejaribu kukwepa ukaguzi. Acha muamala wa kwanza ulivyo. Piga simu, uliza wanataka nini, kisha peleka picha ya kitambulisho cha mpokeaji inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa. Na tangu mwanzo andika majina matatu ya mpokeaji kama yalivyo kwenye kitambulisho chake. "Mama Asha" unayemjua wewe hayumo kwenye mfumo.

Majina matatu, tafadhali

Mbio za Boston zinaonyesha kwa nini jina la kati lina thamani. Robert Kipkoech Cheruiyot wa Kenya alishinda marathoni hiyo mwaka 2003, kisha 2006, 2007 na 2008. Mwaka 2010 akashinda Robert Kiprono Cheruiyot, Mkenya mwingine kabisa, kwa muda wa saa 2:05:52 uliokuwa rekodi ya njia ile. Ukiondoa jina la kati, unabaki na mtu mmoja mwenye ushindi mara tano ambaye hajawahi kuwepo.

Nyumbani tunazalisha wajina kwa utaratibu kabisa. Wakikuyu humpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ndugu kadhaa wakiwa na wana, ukoo unajikuta na akina Kamau wa rika moja, na mara nyingi hata jina la mwisho ni lilelile. Pacha wa Kisukuma ni Kulwa na Doto, wa Kiganda ni Wasswa na Kato: tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja, na hospitali ya ughaibuni ikitazama jina la ukoo na tarehe tu, imebaki na faili moja la wagonjwa wawili. Wenye pacha, hakikisheni namba ya mgonjwa inasomwa kila mara, hata kwenye chanjo. Uingereza namba ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ina tarakimu 10 na kila mtoto ana yake.

Kesi iliyoonyesha hatari ya kulinganisha majina mawili tu ilianzia kwenye duka la magari huko Dublin, California, mwaka 2011. Mteja aitwaye Sergio Ramirez alikataliwa kuuziwa gari kwa sababu ripoti yake ya mikopo, iliyotoka TransUnion, kampuni inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, ilidai jina lake linafanana na yaliyo kwenye orodha ya OFAC. Mfumo ulikuwa umelinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi. Mkewe ndiye aliyelinunua gari kwa jina lake. Kesi ikawa ya kundi la watu 8,185 na mwaka 2021 ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo ilisema ni watu 1,853 tu, wale ambao ripoti zao zilikuwa zimepelekwa kwa wafanyabiashara, waliokuwa na haki ya kudai fidia kwa kosa hilo. Wengine walikuwa na kosa lilelile kwenye mafaili yao, ila halikuwa limetoka nje.

Kwa hiyo usisubiri litoke. Ukiwa Marekani, omba ripoti zako kwa Equifax, Experian na TransUnion kupitia AnnualCreditReport.com, bure. Zisome kwa jicho la mtu anayetafuta mgeni ndani ya nyumba: anwani ambayo hujawahi kuishi, mkopo wa gari usilolijua, tahajia ya jina usiyoitumia. Ukipinga kitu kwa maandishi, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Uingereza kampuni ni hizohizo tatu, na ripoti ya kisheria ni bure.

Kwenye ajira mambo huwa ya haraka zaidi, hasa kazi za kutunza wazee, udereva na maghala ambako wengi wetu tunaanzia. Mwajiri wa Marekani akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti ya historia yako iliyoandaliwa na kampuni ya ukaguzi, sheria inamtaka akupe kwanza nakala ya ripoti hiyo. Idai. Kama humo kuna kesi ya wajina wako wa Ohio, tuma tarehe yako ya kuzaliwa na uthibitisho wa mahali ulipokuwa ukiishi wakati huo. Mwambie mwajiri mapema kwamba umepinga. Usimwachie asikie kimya akaajiri mwingine.

Tarehe ya kuzaliwa nayo haitoshi

Wakongo, Warundi na Wasomali waliopitia kambi za wakimbizi wanalijua hili vizuri. Mtu asiyekuwa na cheti aliandikiwa 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa, na ndivyo alivyofika Marekani, Kanada au Australia. Sasa kuna watu wenye jina moja, nchi moja na tarehe moja, na kile kitu ambacho ofisi zote hukitegemea kuwatenganisha kimekufa. Kama wewe ni miongoni mwao, kinga yako ni namba: ya faili la uhamiaji, ya pasipoti, ya kadi ya ukaazi. Ziandike kwenye kila barua unayotuma, juu kabisa, hata kama fomu haikuziuliza. Watanzania wana unafuu kidogo: namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na ingawa nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, zinazofuata zinamtofautisha mtu na mwenzake.

Kosa la jina linaweza kuwa baya sana. Mwaka 2016 kijana wa Eritrea alikamatwa Khartoum na kupelekwa Italia akidaiwa kuwa Medhanie, mfanyabiashara mkubwa wa kusafirisha wahamiaji. Naye aliitwa Medhanie. Majina ya baba ndiyo yalikuwa tofauti. Ilikuwa Julai 2019 ndipo mahakama ya Palermo ilipomwachia, ikikubali kwamba siye aliyekuwa akitafutwa. Miaka mitatu ndani.

Kwa msafiri wa kawaida usumbufu ni wa foleni na chumba cha pembeni. Ukiona kila ukisafiri kwenda Marekani unawekwa kando, omba kupitia DHS TRIP, utaratibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Haulipiwi. Utapewa namba ya kuingiza unapokata tiketi. Na tiketi yenyewe ikatwe kwa kufuata mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti. Sehemu ya jina pale ina nafasi 39 tu na haina alama ya king'ong'o: Ng'ang'a anasomeka NGANGA. Hiyo ndiyo tahajia ambayo mashine ya uwanja wa ndege inaijua, hata kama inakukera.

Wazazi mnaosafiri na watoto, kumbukeni kwamba desturi yetu ya jina la mtoto, baba na babu huwachanganya maofisa. Baba ni Juma Ali Hamisi, binti ni Asha Juma Ali. Mpakani anaonekana bwana Hamisi na mtoto wa ukoo wa Ali. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kwenye mkoba wa mkononi. Wenye asili ya Rwanda na Burundi, ambako ndugu wa tumbo moja huwa na majina tofauti kabisa, wanahitaji vyeti hivyo kuliko sote.

Kama nyaraka zako zenyewe zinapingana, cheti cha shule kinasema Saidi na pasipoti Said, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Hiyo inatosha kwa tofauti ndogo. Ukitaka kubadili jina hasa, kuna hati ya kubadili jina, nayo Kenya hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ushauri wangu: chagua tahajia ya pasipoti, ifuate kwenye benki, kodi, shule na hospitali, hata kama bibi yako angeiandika vingine.

Na kiwanja. Unatuma pesa, mdogo wako ananunua kwa niaba yako, karatasi ya mauzo inaandikwa "J. A. Hamisi". Nyinyi wawili ni Juma Ali Hamisi na Jabiri Ali Hamisi. Sisemi mdogo wako ni mwizi. Lakini akifa yeye, au ukifa wewe, watoto wenu wataigombania karatasi hiyo mahakamani na kila upande utakuwa na hoja. Jina liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na namba ya pasipoti au ya NIDA, mbele ya mashahidi na ofisi ya serikali ya mtaa, na nakala yenye mhuri ikufikie ulipo kabla hujatuma awamu ya mwisho ya malipo.