Daktari wa Mombasa anayetaka kufundisha chuo kikuu: maombi yaanze kwa mwajiri

Daktari kijana aliyeajiriwa na kaunti akitamani uhadhiri, kitu cha kwanza hukimbilia tovuti ya chuo. Mimi ningemwambia aanze na masjala ya kazini kwake. Chuo hufungua na kufunga maombi kwa tarehe zake, na barua ya mwajiri ya kukuruhusu kwenda kusoma haina habari na tarehe hizo.

Njia yenyewe inajulikana: miaka sita ya shahada ya udaktari, mwaka wa intanshipu, usajili wa baraza la madaktari (KMPDC), kazi kwa muda, kisha uzamili wa tiba ambao sote twauita MMed. Katika idara zinazotibu wagonjwa, MMed ndiyo inayokufungulia mlango wa uhadhiri. Kupanda ngazi baadaye kwataka machapisho, na wengi huongeza uzamifu, yaani PhD.

Likizo ya masomo. Andika barua ukitaja fani, chuo, muda wa masomo na mwezi wa kuanza. Ipitishe kwa mkuu wa idara yako, kisha uongozi wa hospitali, ndipo iende idara ya afya ya kaunti. Chapisha nakala mbili. Ukiambiwa, "Iache tu hapo daktari, nitaipeleka," jibu kwa adabu: "Ahsante mama, lakini nigongee muhuri wa kupokewa kwenye hii yangu." Nakala yenye muhuri na tarehe ndiyo utakayoishika ukirudi kuulizia, na utarudi.

Ukikubaliwa utapewa mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti baada ya masomo. Hapa tulia usome. Ni miaka mingapi? Ukikatiza masomo, au ukiajiriwa kwingine, utalipa nini? Anayetaka uhadhiri ana sababu zaidi ya kuuliza, kwa kuwa chuo chaweza kumwita wakati deni la utumishi halijaisha. Lakini kuna njia ya katikati. Hospitali Kuu ya Pwani, ile tuiitayo Makadara, ni hospitali ya rufaa na ya mafunzo pia. Daktari bingwa wa kaunti aweza kufundisha wanafunzi wodini pale huku akitimiza mkataba wake, na vyuo huwa na cheo cha mhadhiri wa heshima kwa watu kama hao. Liulize jambo hili kabla ya kutia saini.

Maombi ya chuo. Wengi wa Pwani huomba Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi kule Eldoret, au Aga Khan. Fomu hujazwa mtandaoni. Tayarisha cheti cha shahada na nakala ya matokeo, cheti cha usajili, leseni ya udaktari ya mwaka huu na barua za mapendekezo. Leseni iliyokwisha muda ni aibu ndogo inayokuangusha bure, kwa hiyo pointi za mafunzo endelevu, ambazo bila hizo haihuishwi, zikusanywe mwaka mzima. Nakala zithibitishwe na wakili; ofisi zao zimejaa Nkrumah Road na kandokando ya mahakama. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeitambua shahada yake.

Barua ya mapendekezo iombe kwa daktari bingwa aliyekuona ukifanya kazi usiku. Barua ya mkubwa asiyekujua husomeka hivyo hivyo.

Wa upasuaji wana njia nyingine: COSECSA, chuo cha wapasuaji chenye makao Arusha, ambacho hakikuhamishii darasani. Unafunzwa ndani ya hospitali iliyoidhinishwa, chini ya mpasuaji anayekusimamia, na unafanya mitihani yao. Ukitaka kufundisha baadaye, kiulize chuo unachokilenga kama kitakuajiri kwa cheti hicho.

Kibali cha utafiti. Tasnifu ndiyo inayochelewesha watu kuhitimu, na mara nyingi kisa ni vibali. Mpangilio ni huu: pendekezo la utafiti lipite idarani, liende kamati ya maadili iliyotambuliwa, kisha uombe mtandaoni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, ukiambatanisha barua ya kamati. Ukikusanya data Makadara, omba na ruhusa ya hospitali yenyewe. Kibali cha kamati hakitoshi. Soma na masharti yaliyochapwa kwenye leseni: kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti hujulishwa kabla ya kuanza, na mwisho NACOSTI hupelekewa ripoti. Kuanza kukusanya data kibali kikiwa njiani ni kuharibu kazi yote, hata kama msimamizi wako amekuambia endelea.

Uzamifu. Usiende mbali kabla hujatazama Kilifi. Kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI-Wellcome kipo tangu 1989, kiasi cha kilomita 60 kutoka kisiwani, na kinalea watafiti tangu ngazi ya chini mpaka uzamifu. Kuna na CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za Afrika unaofadhili uzamifu wa afya ya jamii kwa aliye tayari na ajira kwenye chuo au taasisi mwanachama. Kote huko watakuuliza swali lako la utafiti kabla ya alama zako. Liandike kwa sentensi mbili, umpe mwenzako asiye wa fani yako asome. Asipolielewa, usitume bado.