Kupima Joto la Kimiminika ndani ya Bomba na Tangi

Kihisi hakijui joto la kimiminika. Kinajua joto lake chenyewe tu. Kazi ya fundi ni kuyafanya majoto hayo mawili yawe moja, na makosa mengi niliyoyakuta yametokana na ufungaji.

Hatua ya kwanza ni kuchagua kihisi. Hadi nyuzi 400 hivi za Selsiasi, napendelea Pt100, yaani kihisi cha platini chenye ukinzani wa umeme wa omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Joto likizidi sana hapo, tumia themokapo ya aina K, yaani kihisi cha nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa ncha.

Hatua ya pili ni themoweli, mfuko wa chuma uliozibwa ncha ambamo kihisi hukaa, unaokuwezesha kukichomoa bila kusimamisha mtambo. Ncha yake ifike karibu na katikati ya bomba. Bomba likiwa jembamba, ifunge kwenye kiwiko, yaani kona ya bomba, ncha ikielekea mtiririko unakotoka. Ikiwa fupi mno, joto hutorokea nje kupitia chuma chenyewe, na usomaji hushuka. Lakini urefu nao una hatari yake: katika kinu cha nyuklia cha Monju, Japani, Desemba 1995, themoweli ilivunjika kwa mtikisiko uliosababishwa na mtiririko, sodiamu ikavuja na kuwaka. Kwa hiyo kokotoa mtikisiko kabla ya kuagiza.

Hatua ya tatu hupuuzwa mno. Ingiza kihisi taratibu mpaka ncha igote chini, weka alama ya kalamu kwenye shina, kisha hakikisha springi inaendelea kukisukuma, kwa sababu pengo dogo la hewa huchelewesha usomaji.

Kwenye tangi lisilokorogwa, pima juu na chini, maana tabaka la moto huelea.

Swali: Pt100 yangu ya waya mbili inasoma juu kuliko inavyopaswa. Kwa nini?

Jibu: Kwa waya mbili, ukinzani wa kebo husomwa pamoja na wa kihisi. Kila nyuzi moja ni omu 0.385 hivi, hivyo omu 1 ya kebo huongeza takriban nyuzi 2.6. Tumia waya tatu au nne.

Swali: Je, naweza kupima bila kutoboa bomba?

Jibu: Ndiyo, kwenye bomba la chuma lililojaa kimiminika, mradi ukibane kihisi barabara na kukifunika kwa kihami joto. Kwa gesi sishauri.

Swali: Nitakihakikije kihisi?

Jibu: Kizamishe kwenye barafu iliyopondwa na maji safi, koroga, subiri kitulie, kisha pima ukinzani. Pt100 nzima itasoma karibu sana na omu 100.